Kanuni za Msingi za Sarufi ya Kiingereza katika Nyanda za Kati za Tanzania: Historia ya Kufundishwa Kwake tangu Enzi za Misheni hadi Mtaala wa 2024

Utangulizi

Mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza katika shule ya Mvumi, Kongwa, Kondoa au Dodoma mjini huweza kuitaja kanuni hii bila kusita: katika wakati uliopo hali ya mazoea, kitenzi cha Kiingereza kinachofuata nafsi ya tatu umoja huongezewa herufi s mwishoni. Huitaja kwa Kiswahili, kama alivyoelezwa na mwalimu wake wa shule ya msingi. Kisha hufungua daftari na kuandika "he go". Kosa hilo limesahihishwa kwa wino mwekundu katika madarasa ya nyanda za kati kwa takribani miaka 100, na bado linasahihishwa.

Maelezo yanayotolewa kwa kawaida kuhusu hali hiyo ni mawili. Wapo wanaosema Kiingereza ni kigumu, na wapo wanaosema walimu hawana ujuzi wa kutosha. Kila moja lina ukweli wake, lakini hakuna linaloeleza kwa nini makosa yaleyale, katika kanuni zilezile chache, yamedumu chini ya serikali tatu tofauti, mitaala mingi na vitabu vya kila namna. Hoja inayotetewa hapa ni ya kihistoria. Katika nyanda za kati sarufi ya Kiingereza ilifundishwa kwa vizazi vinne kana kwamba mwanafunzi hakuwa na sarufi yoyote kichwani mwake, ilhali alikuwa nayo, tena mara nyingi zaidi ya moja. Gharama ya kosa hilo ililipwa na mwanafunzi mwenyewe katika chumba cha mtihani.

Kanuni zenyewe zilitoka mbali. Sarufi ya Kiingereza ya shuleni, pamoja na aina zake za maneno na orodha zake za nyakati, iliumbwa kwa kielelezo cha Kilatini. Robert Lowth, aliyepata kuwa askofu wa London, alichapisha kitabu chake kifupi cha sarufi mwaka 1762. Lindley Murray, mzaliwa wa Pennsylvania aliyehamia karibu na mji wa York, alitoa chake mwaka 1795, nacho kikatumika shuleni kwa miongo mingi pande zote mbili za Atlantiki. Huko India, J. C. Nesfield aliandaa sarufi za shule mwishoni mwa karne ya 19. Mbinu zilizofuata za kumfundisha mgeni zilikuzwa na walimu kama Michael West, aliyefanya kazi Bengal, na A. S. Hornby, aliyefundisha Japani. Walikuwa watu makini, na kazi zao zina thamani hadi leo. Hata hivyo, kazi hizo hazikutungwa kwa kumfikiria mtoto anayetoka katika lugha ya ngeli.

Walimu waliokuwa wanafunzi, 1876–1916

Waingereza wa kwanza kukaa kwa muda mrefu katika ukanda huu hawakuja kufundisha Kiingereza. Wamisionari wa Church Missionary Society, waliokuwa njiani kwenda Buganda, walifungua kituo Mpwapwa mwaka 1876 na kukianzisha upya mwaka 1878. Mpwapwa ilikuwa kituo cha misafara, mahali ambapo maji na chakula vilipatikana kabla ya kuingia katika nyika kavu ya Ugogo. Kazi ya kwanza ya wageni hao ilikuwa kusikiliza. Waliokota maneno ya Kigogo, wakayapanga kwa umoja na wingi, na wakatafuta viambishi vya nafsi na vya wakati. Kwa Kiswahili walikuwa na msaada wa kitabu cha Edward Steere kilichochapishwa mwaka 1870. Mmoja wao, J. T. Last, aliyeishi Mamboya upande wa mashariki ya Mpwapwa, alichapisha mwaka 1885 mkusanyo wa maneno na sentensi za lugha nyingi za Afrika Mashariki. Kufikia mwisho wa karne ya 19 Agano Jipya lilikuwa limetafsiriwa kwa Kigogo.

Jambo hili halipewi uzito unaostahili katika historia ya elimu ya nyanda za kati. Somo la kwanza la sarufi kufanyika Ugogo kwa daftari na kalamu lilikuwa somo la sarufi ya Kigogo, na mwanafunzi wake alikuwa Mwingereza. Mwanafunzi huyo alifanya makosa yanayotarajiwa kwa mtu anayetoka katika lugha isiyo na ngeli, naye alisahihishwa na Wagogo. Lakini alikuwa na bahati ambayo watoto wa baadaye hawakuipata: alilinganisha. Kila kanuni aliyoikuta aliiweka kando ya kanuni ya lugha yake, akaandika pale zilipofanana na pale zilipotofautiana. Vitabu vya sarufi vya wakati huo vimejaa ulinganisho wa aina hiyo.

Utawala wa Wajerumani haukuibadili hali hiyo kwa upande wa Kiingereza. Wajerumani walitumia Kiswahili katika utawala wa chini, kwa akida na makarani waliofunzwa katika shule za serikali, hasa ile ya Tanga. Reli ya Kati ilifika Dodoma mwaka 1910, nayo ikageuza kijiji kidogo kuwa mji wa stesheni na maduka. Katika mji huo Kiswahili ndicho kilichounganisha wafanyakazi wa reli, wafanyabiashara wa Kihindi na Kiarabu, na wafugaji walioleta ng'ombe mnadani. Kiingereza kilibaki katika nyumba za misheni.

Darasa la 5 na karani wa boma

Majeshi ya Uingereza na washirika wake yaliingia Kondoa mwezi Aprili 1916 na Dodoma mwishoni mwa Julai mwaka huohuo. Yaliyofuata hayakuwa shule. Majeshi ya pande zote mbili yalichukua ng'ombe, nafaka na wapagazi, mvua zikakosekana, na Ugogo ukaingia katika njaa inayokumbukwa kwa jina la Mtunya, kati ya 1917 na 1920. Mzazi aliyenusurika njaa ile alikuwa na sababu nzito ya kumweka mtoto wake karibu na mifugo kuliko karibu na ubao. Yeyote anayepima uchache wa shule za Ugogo katika miaka ya 1920 bila kuikumbuka Mtunya anapima kwa mizani mbovu.

Mfumo wa elimu wa Waingereza ulianza kupata sura katikati ya muongo huo. Tume ya Phelps-Stokes ilipita Afrika Mashariki mwaka 1924, na mwaka 1925 Gavana Donald Cameron aliitisha mkutano wa elimu Dar es Salaam uliowakutanisha maofisa wa serikali na wamisionari. Mpangilio uliokomaa katika miaka iliyofuata ulikuwa huu: Kiswahili kingetumika kufundishia madarasa ya chini, na Kiingereza kingeshika nafasi hiyo kadiri mwanafunzi alivyopanda, kuanzia ngazi ya darasa la 5 na kuendelea. Katika nyanda za kati, chuo cha ualimu kilianzishwa Mpwapwa katika muongo huohuo, na mwaka 1927 iliundwa Dayosisi ya Central Tanganyika chini ya Askofu George Chambers kutoka Australia, ambayo shule zake za vijijini zilienea Mvumi, Kongwa na kwingineko. Wakatoliki nao walikuwa na kituo chao Bihawana.

Mpangilio huo ulikifanya Kiingereza kuwa kizingiti. Watoto wengi waliishia darasa la 4 au kabla yake, wakiwa wamepata kusoma na kuandika kwa Kiswahili. Wachache walioendelea walikutana na "a", "an" na "the" wakiwa tayari wanajua kwamba nyuma ya kanuni hizo kulikuwa na mshahara: ukarani wa boma, kazi ya stesheni, ualimu, uganga. Kwa hiyo sarufi ilisomwa kama masharti ya ajira. Iliandikwa ubaoni, ikanakiliwa, ikakaririwa, ikapimwa. Nje ya darasa hapakuwa na mtu wa kuzungumza naye lugha hiyo, kwa kuwa ofisa wa Kiingereza mwenyewe alilazimika kufaulu mtihani wa Kiswahili kabla ya kuthibitishwa kazini, na aliposimama barazani Mvumi au Manda alisema Kiswahili au alitumia mkalimani wa Kigogo.

Kutokana na hali hiyo, vipaji vikubwa vya uandishi vya nyanda za kati havikujitokeza kwa Kiingereza. Mathias Mnyampala, aliyezaliwa mwaka 1917 katika wilaya ya Dodoma na kufanya kazi za ualimu, ukarani, uliwali na uhakimu, aliandika historia na desturi za Wagogo kwa Kiswahili katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1954, akatunga diwani ya mashairi, na akaupa utanzu wa ngonjera sura yake ya kisasa. Lugha aliyoimiliki mwandishi huyo ilikuwa lugha ya pili kwake. Alijifunza Kiswahili akaweza kukitungia mashairi yenye vina na mizani kamili, jambo linaloonyesha kwamba kujifunza lugha ya ziada hakukuwahi kuwa udhaifu wa Wagogo. Tofauti ni kwamba Kiswahili kilimzunguka katika mnada, mahakama, kanisa na reli, na muundo wake ulikuwa jamaa wa muundo wa Kigogo.

Kanuni na sarufi zilizozikuta

Inafaa sasa kuzitazama kanuni zenyewe kwa karibu, kwa kuwa hapo ndipo kosa la kihistoria linapoonekana wazi.

Kanuni ya s ya nafsi ya tatu hufundishwa kama nyongeza isiyo na sababu. Kwa mwanafunzi anayesema Kiswahili na Kigogo, kitenzi hakiwezi kusimama bila kiambishi cha nafsi: nasoma, unasoma, anasoma, tunasoma. Upatanisho wa kiima na kitenzi ni jambo alilolijua kabla ya kuota meno ya pili. Kiingereza kilikuwa na viambishi vingi zaidi vya namna hiyo katika zama zake za kale. Vimepukutika, na katika vitenzi vya kawaida imebaki hiyo s peke yake. Mwalimu angeweza kusema kwamba s ya "goes" ni ndugu mdogo wa a- ya "anakwenda", iliyohamia mwishoni mwa neno na kubaki katika nafsi moja tu. Badala yake mwanafunzi aliambiwa akariri. Tena kumbukumbu ya kipatanishi huzalisha kosa jingine, lile la kuandika "my father he works", ambamo "he" inafanya kazi ya a- katika "baba yangu anafanya kazi". Kosa hilo lina mantiki kamili, ila ni mantiki ya lugha nyingine.

Vibainishi "a" na "the" ndivyo vinavyosumbua zaidi, na kwa kawaida mwanafunzi huambiwa kwamba Kiswahili hakina kitu kama hicho. Kauli hiyo si sahihi kabisa. Msemaji wa Kiswahili hutofautisha kitu kinachojulikana na kisichojulikana, ila huifanya kazi hiyo katika mahali tofauti. "Niliona kitabu" na "nilikiona kitabu" si sentensi moja: katika ile ya pili, kiambishi -ki- kinadokeza kwamba msikilizaji anakijua kitabu kinachozungumziwa. Vivyo hivyo, "yule mtoto", kwa kutanguliza kionyeshi, hukaribia maana ya "the child" katika masimulizi. Dhana ipo kichwani. Kinachokosekana ni daraja la kuivusha. Kanuni ya kuchagua kati ya "a" na "an" hufundishwa vibaya pia pale mwanafunzi anapoambiwa atazame herufi badala ya kusikiliza sauti, ndipo anapoandika "an university" na "a hour" kwa uaminifu mkubwa kwa kanuni aliyopewa.

Nyakati za vitenzi zinastahili nafasi zaidi. Kiambishi -na- hubeba maana mbili ambazo Kiingereza huzitenganisha: "anasoma Mpwapwa" yaweza kuwa hali ya kudumu, yaweza kuwa tendo la sasa hivi. Hapo mwanafunzi hupaswa kuchagua kati ya "studies" na "is studying", uchaguzi ambao lugha yake haikuwahi kumdai. Kiambishi -me- ni mtego mkubwa zaidi. Vitabu humlinganisha -me- na wakati timilifu wa Kiingereza, na katika "amefika" ulinganisho huo unafaa. Lakini "mtoto amelala" si "the child has slept", wala "amesimama mlangoni" si "he has stood at the door". Katika vitenzi vya hali, -me- hueleza hali iliyopo sasa kutokana na tendo lililokamilika, na Kiingereza hapo husema kwamba mtoto yumo usingizini au mtu yuko wima. Mwanafunzi anayeandika "he has worn a white shirt" akimaanisha "amevaa shati jeupe" ametafsiri sawasawa kwa kadiri ya jedwali alilopewa, na jedwali ndilo lililompotosha.

Yapo pia maswali yanayotumia "do" na "did". Katika Kiswahili vitenzi viwili vinavyofuatana vyaweza kubeba viambishi vya wakati na nafsi vyote viwili, kama katika "alikuwa amekwenda". Anayeandika "did you went" anagawa alama ya wakati kwa vitenzi vyote, kama alivyozoea. Jibu la swali la kukanusha nalo lina yake: ukimwuliza mtoto "hujala?", naye hajala, hujibu "ndiyo", kwa maana ya kwamba ulivyosema ni kweli. Mwingereza angejibu "no". Mwalimu mgeni wa misheni aliyekuwa hajui tofauti hii angeweza kabisa kumdhania mtoto mwongo.

Suala la jinsia ndilo linaloonyesha vizuri zaidi hasara ya kupuuza lugha za wanafunzi. Kiswahili, Kigogo na Kirangi hazina mgawanyo wa "he" na "she". A- hutosha kwa mama na kwa baba. Aidha, katika "kitabu chake" kivumishi cha kumiliki hupatana na kitu kinachomilikiwa, ilhali "his" na "her" hutazama mwenye kitu. Basi mwalimu hueleza, kwa Kiswahili, kwamba hapa pana jambo geni kwa wote. Lakini si geni kwa wote. Mkoa wa Dodoma ni miongoni mwa sehemu chache barani ambako makundi makubwa manne ya lugha za Afrika hupakana. Kaskazini, upande wa Kondoa na Chemba, wapo Wasandawe wenye lugha ya vidoko na Waburunge wenye lugha ya Kikushi, na katika mbuga wapo wafugaji wanaosema Kimaasai. Kisandawe na Kiburunge hutofautisha jinsia ya kike na ya kiume katika sarufi yake. Mtoto wa Kisandawe ana tayari ufunguo wa "he" na "she" nyumbani kwao. Anaingia darasani, anaambiwa auache mlangoni, na anafundishwa upya kwa kupitia lugha isiyo na tofauti hiyo.

Maneno bila kanuni: Kongwa, 1947–1951

Kwa miaka michache Kiingereza kiliwahi kutoka nje ya darasa katika nyanda za kati, nako kulikuwa Kongwa. Serikali ya Uingereza, ikitafuta mafuta ya kula baada ya vita, ilianzisha mradi wa karanga uliokusudia kulima zaidi ya ekari milioni 3 katika Afrika Mashariki na Kati, na Kongwa ikachaguliwa kuwa mahali pa kuanzia. Yaliyotokea yanajulikana: ardhi ilikauka ikawa ngumu kama saruji, mvua hazikutosha, mitambo iliharibika, na mradi ukaachwa mwaka 1951 baada ya kuteketeza takribani pauni milioni 36. Wazee wa Kigogo, waliofahamu kwa nini hawakulima mabonde hayo kwa namna hiyo, hawakuulizwa.

Kwa upande wa lugha, Kongwa iliwakutanisha maelfu ya vibarua wa Kiafrika na mamia ya Waingereza, wengi wao wakiwa askari wa zamani. Kiingereza kilichopatikana hapo kilikuwa cha majina ya vitu na kazi, nacho kiliingia moja kwa moja katika ngeli za Kiswahili: trekta na matrekta, dreva na madreva, spana, grisi, shifti. Hakuna aliyefundishwa wingi wa "driver" kwa Kiingereza, ma- ilitosha. Huo ni ushahidi mzuri wa nguvu ya sarufi ambayo mtu anayo tayari. Kibarua asiyepata kuingia darasani alilichukua neno la kigeni na kulitia upatanisho kamili siku ileile alipolisikia. Watoto wa wafanyakazi wa Kizungu walikuwa na shule yao hapohapo Kongwa, na baina ya shule hiyo na kambi za vibarua hapakuwa na njia ya sarufi kupita.

Mlango wa Kidato cha Kwanza

Baada ya uhuru hatua kubwa zaidi ilichukuliwa mwaka 1967. Katika mwaka wa Azimio la Arusha na Elimu ya Kujitegemea, Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia elimu yote ya msingi, na Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa. Kwa nyanda za kati faida yake ilikuwa kubwa: mtoto wa Bahi au Mpwapwa aliweza kusoma hisabati na sayansi katika lugha anayoielewa hadi darasa la 7. Lakini shule za sekondari zilibaki na Kiingereza, isipokuwa kwa masomo machache kama Siasa. Kanuni za sarufi zilizokuwa zikigawanywa katika madarasa ya kati zamani sasa zilirundikwa katika vipindi vichache vya somo moja la shule ya msingi, kisha mwanafunzi akatarajiwa kuamka siku moja ya Januari akisoma baiolojia kwa lugha hiyo.

Shule ya Alliance ya Dodoma, iliyopewa baadaye jina la Mtemi Mazengo wa Mvumi, pamoja na shule ya wasichana ya Msalato, ziliwapokea wanafunzi wa aina zote mbili: waliotoka katika mpango wa zamani na waliotoka katika mpango mpya. Tofauti baina yao haikuwa ya akili. Wa kwanza walikuwa wachache sana waliochujwa mara nyingi, hivyo kuwatumia kama kipimo cha kusema kwamba zamani watu walijua Kiingereza ni kulinganisha ungo na pakacha.

Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Jackson Makweta, ilipendekeza Kiswahili kianze kufundishia sekondari kuanzia mwaka 1985. Miaka mitano hivi kabla ya hapo Penina Mlama na May Matteru walikuwa wamekwisha kuonyesha ukubwa wa tatizo lililokuwa madarasani. Serikali haikulikubali pendekezo hilo. Wataalamu wa Kiingereza Clive Criper na Bill Dodd walitoa ripoti yao mwaka 1984, wakionyesha kwamba wanafunzi wengi wa sekondari hawakuwa na kiwango cha Kiingereza kinachowawezesha kusoma masomo mengine. Hata hivyo mapendekezo yao yalielekea kwenye kukiimarisha Kiingereza badala ya kukiondoa. Mradi uliofuata kwa msaada wa Uingereza ulitilia mkazo usomaji wa vitabu vyepesi vilivyopangwa kwa ngazi. Wazo hilo lilikuwa jema, kwa sababu mtu huzoea "the" kwa kuikuta mara elfu kuliko kwa kuielezwa mara moja. Shule zenye maktaba zilinufaika. Katika shule ambazo sanduku la vitabu lilifungiwa katika ofisi ya mkuu wa shule yasipotee, kanuni zilirudi ubaoni.

Tangu hapo darasa la sekondari la Dodoma limekuwa na desturi ambayo kila mkaguzi anaijua na mitaala haiitaji. Mwalimu huandika kanuni ubaoni kwa Kiingereza, huieleza kwa Kiswahili, hutoa mfano kwa Kiingereza, na wanafunzi huulizana kwa Kigogo. Desturi hii imelaumiwa kama uvunjaji wa sera. Ukitazama yaliyofanywa na wamisionari wa Mpwapwa, inaonekana kuwa ndiyo njia ya zamani kuliko zote ya kujifunza sarufi ngeni katika ukanda huu, isipokuwa kwamba walimu hawakuwahi kufunzwa kuifanya kwa utaratibu, nao huifanya kwa hofu.

Mji mkuu na sarufi ya sheria

Uamuzi wa TANU wa mwaka 1973 wa kuhamishia makao makuu Dodoma uliipa sarufi ya Kiingereza kazi mpya katika mji huu. Bungeni mijadala huendeshwa kwa Kiswahili, lakini kwa miongo mingi miswada mingi na sheria zilizotungwa ziliandikwa kwa Kiingereza. Mbunge aliyetoka jimboni kwake na elimu ya msingi aliinua mkono kupitisha kifungu ambacho maana yake ilining'inia katika tofauti ya "shall" na "may", yaani baina ya kulazimishwa na kuruhusiwa. Hiyo ni kanuni ya vitenzi visaidizi, sawa na nyingine zote zinazofundishwa Kidato cha Pili, lakini hapa aliyeikosa hakupoteza alama. Wananchi walipata sheria ambayo wawakilishi wao hawakuisoma. Mabadiliko ya sheria yaliyopitishwa Dodoma mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, na kazi ya kutafsiri sheria zilizopo ikaanza.

Mjini humohumo, mwaka 2007 kilifunguliwa Chuo Kikuu cha Dodoma, na mwaka huohuo majengo ya iliyokuwa Sekondari ya Mazengo yakawa ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana. Vyote viwili hufundisha masomo mengi kwa Kiingereza. Katika ofisi za wahadhiri wa vyuo hivyo makosa ya Kidato cha Kwanza yanaendelea kusahihishwa katika tasnifu, na wahadhiri wa idara za Kiswahili, wanaoujua muundo wa lugha zote mbili, mara nyingi ndio wanaoweza kueleza kosa limetoka wapi. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, katika toleo lake la 2023, imekiacha Kiswahili katika shule za msingi za serikali na Kiingereza katika sekondari, na mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 umeliingiza somo la Kiingereza tangu darasa la 1.

Miaka imeongezwa, basi. Kitabu ambacho kingemweleza mwalimu wa Chemba au Chamwino namna ya kuanzia kwa "nilikiona kitabu" ili afike kwenye "the book", au namna ya kumtumia mtoto wa Kisandawe kuwaeleza wenzake habari za "he" na "she", hakimo katika orodha ya vitabu vya mtaala huo. Watoto walioingia darasa la 1 Januari ile wanajifunza kuandika "she goes" kabla hawajaambiwa na mtu yeyote kwamba a- ya "anakwenda" nayo ni sarufi.